Jumba la Mfalme Ulilochora Mezani Kwetu

Mpendwa Baba Ojoma,

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kwenu Nigeria. Jumba la mfalme limefunguliwa. Watu wote wanaonipigia simu nawaambia lilipendeza, nakata. Wewe ndiye ninayetaka kukusimulia.

Unakumbuka chumba chetu cha kwanza kule mtaa wa Bellevue, huku kusini mwa Afrika, katika ile nyumba kuukuu iliyogawanywa kwa mbao? Jirani akikohoa, sisi tunaitikia pole. Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unajilaza, unatazama dari, unalalamika kwa kile Kiswahili ulichookota chuoni Nairobi: "Nyumba hii hana heshima. Mtu anafungua mlango, anaona kitanda." Nami nakusahihisha, "Haina." Ndipo unaanza habari za Waigala, watu wako: nyumba za duara, kuta nene za udongo, paa la nyasi linaloshuka chini hadi mgeni anainama bila kuambiwa. Ulisema kwa mfalme huingii moja kwa moja. Unapita ua baada ya ua, na kila ua unakupunguza sauti, hivi kwamba unapofika mbele yake umeshatulia.

Tulipohamia kitongoji cha Randburg ulikuwa unachora maduka na ofisi za vioo, mchana kutwa. Kazi ilitulisha, sikusikia ukiisifu. Kisha mfalme wa mji wenu akapiga simu. Jumba la zamani lilibomolewa kabla hujazaliwa, wakajenga boksi la matofali lenye mabati, wazee wanatoka jasho barazani. Alitaka lichorwe upya kwa ujenzi wa Kiigala. Uliweka simu chini ukakaa sakafuni, nami nikadhani kuna msiba.

Jioni ile nilikuwa nimesonga ugali. Uliuchukua wote, ukaufinyanga kwenye sinia: ukumbi wa duara mbele, nyua tatu nyuma yake, vyumba vya mfalme mwisho kabisa. Mwanetu Ojoma akaja na sahani yake, akasema kwa Kiingereza chake, "Eish, Papa, hicho si chakula chetu?" Tulikula mkate. Sinia lile likakaa mezani mpaka ugali ukapasuka.

Kamati ya ujenzi ilitaka vioo mbele, kama benki. Uliwajibu kwenye simu, kwa upole, "Mfalme si bidhaa ya dirishani." Wakakubali shingo upande.

Ndipo ugonjwa wa damu ukaja. Daktari alisema usisafiri. Wao nao wakasema msingi unachimbwa mwezi ule ule. Nilikukuta unakunja mashati.

"Mchoro si wanao?" nikakuuliza. "Watasoma."

"Duara ikikosewa chini, juu haisahihishwi, Mama Ojoma."

"Na mimi unaniacha na nani?"

Ulikunja shati jingine.

Ulirudi kwenye kiti cha magurudumu, umekuwa mwepesi kama mtoto, viatu vyako vimejaa udongo mwekundu. Baada ya hapo ulikuwa wa kulishwa na kugeuzwa. Ukafariki asubuhi ya baridi, sakitu, umande ulioganda, imefunika nyasi za chini ya dirisha letu. Ndugu zako waliomba mwili, nikautoa. Siku ya mazishi huko kwenu, dada yako Ufedo alitaka kunipeleka nikaone kuta, zilikuwa zimefika kiunoni. Nikakataa. Moyoni nilikuwa nasema jumba lile limekula siku zangu za mwisho na wewe, na sasa limekula hata kaburi lako. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu hapo: nikisikia jina la mji wenu, natoka chumbani.

Mwaliko wa ufunguzi ulipokuja nilisema siendi. Ojoma, ambaye sasa ananizidi kimo, akaniambia, "Mama, usipokwenda nitakwenda peke yangu." Tukaenda.

Nikueleze ukweli, usikasirike: ukumbi wa mbele wameuezeka kwa mabati, wakasema nyasi zinashika moto. Lakini nyua tatu zipo. Kuta ni nene kama ulivyotaka, nje jua linachoma na ndani mtu anasahau. Wageni waliingia wakipiga kelele na simu zao mkononi. Ua wa pili walikuwa wananong'ona. Ua wa tatu nilisikia viatu tu. Nilijishika ukutani, maana niliyaona maneno yako yakifanya kazi bila wewe.

Ojoma alipiga magoti mbele ya mfalme. Akaulizwa yeye ni wa nani. Akataja jina lako, na wazee wakainamisha vichwa.

Baadaye Ufedo aliketi nami kwenye kivuli cha ule ukuta wa kwanza. Akaniambia kuwa siku ya msingi hukuweza kusimama. Walikuwekea kiti katikati, penye kigingi, wao wakazunguka na kamba, wewe ukiwaelekeza kwa mkono. Duara ilipokamilika ukamwambia, "Sasa nitafutieni ndege, nirudi nyumbani."

Yeye akashangaa. "Nyumbani wapi, kaka? Si umeshafika?"

"Nyumbani kwa Mama Ojoma."

Wakakusihi ubaki, mama yako akalia. Ulikataa.

Baba Ojoma, kwa nini hukuniambia? Ningekulisha vile vile, ningekugeuza vile vile, lakini ningejua nani yuko mikononi mwangu: mtu aliyekwisha kuagana na kwao akaja kufia kwake. Nimelia hadi Ojoma amechoka kunibembeleza. Hasira niliyokuwa naegemea imeondoka, na sasa sina pa kuegemea. Pengo lako limebaki tupu, nalo ni zito kuliko nilivyojua.

Lala huko kwenu, mume wangu. Mimi niko huku kwako.

Mkeo,
Mama Ojoma