Shamba la dada yako na ubao wa Msamvu

Mjomba,

Karani wa baraza la kata alinithibitishia jana mchana kwamba madai juu ya shamba la mlimani yamepokelewa. Mdai ni Mzee Haule. Kielelezo chake cha kwanza ni karatasi uliyoitia saini wewe. Cha pili ni kipande cha gazeti hili, chenye habari niliyoiandika mimi.

Umeona sikuanza na shikamoo. Sijasahau.

Tangu uondoke watu wananisimamisha njiani kuniuliza uliko. Mmoja anasema Tunduma, mwingine anaapa amekuona Tanga. Sijui, na nisichokijua siandiki tena. Naandika hapa kwa sababu popote ulipo hulikosi gazeti hili, ukurasa wa michezo kwanza.

Nakumbuka asubuhi ulipoutundika ule ubao. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimeuzwa, wafanyakazi wamepewa kiinua mgongo na kuonyeshwa geti, na redio ilikuwa haina wimbo mwingine ila soko huria. Ulipata ubao mweusi uliotupwa na shule, ukaupigilia misumari nje ya kibanda chako pale Msamvu, ukaandika kwa chaki: Mama Zuhura, cherehani. Fundi Kobelo, mbao. Petro, baiskeli ya mkaa. Mwenye akiba alisoma, akachagua mtu wa kumkopesha, akawa analipwa kidogo kidogo na cha juu. Wewe ulichukua chako kwa kuwakutanisha.

Nilikuwa kwenye benchi siku Mzee Haule alipokuja na bahasha yake, baada ya miaka ishirini ya kusimama mbele ya mashine za kufuma.

"Haule, achana na hiyo baiskeli, itakukimbia!" ulimtania. "Chukua cherehani, ina miguu ya chuma, haiendi popote."

"Kama ni nzuri hivyo, Mluguru, mbona hukopeshi mwenyewe?"

"Mimi nakopesha mdomo."

Benchi zima lilicheka, hata yeye. Na siku zile ulikuwa na sharti moja: anayetoa na anayepokea wapeane mikono mbele ya ubao. Haule aliiona cherehani ikishona. Alilipwa yote. Ndiyo maana alirudi na kilichobaki kwenye bahasha.

Lakini aliporudi, sharti lilikuwa limekufa. Majina yalijaa ubao mzima na hakuna aliyewaona wenye majina. "Wako mlimani," ulisema, "mvua imekata barabara." Mvua ilipokwisha nao hawakushuka. Watu walipoanza kusita, ukatoa dhamana: shamba la migomba na magimbi. Hapo ndipo nilipoandika kwamba nyuma ya ubao yuko mtu mwenye shamba Uluguru, tayari kulitoa mkopaji yeyote akishindwa kulipa. Sikupanda mlima kuwatafuta wakopaji. Mimi, ninayemrudishia diwani habari yake kwa kukosa shahidi wa pili, niliridhika na shahidi mmoja kwa kuwa alikuwa kaka wa mama yangu.

Shamba si lako. Nilikuwa darasa la pili uliponitembeza kwenye mpaka wake, ukanisimamisha kwenye lile jiwe la juu ya kijito. "Bibi yako alilima hapa, sasa mama yako, kesho dada yako," uliniambia. "Sisi wanaume tunalinda tu. Nikiondoka utajibu wewe." Nilijiona mkubwa siku ile. Nililibeba neno lako hilo miaka yote, na wewe ulilitupa kwa saini moja.

Waluguru wote waliosoma habari yangu walijua kwamba mjomba hawezi kuweka rehani ardhi ya ukoo. Hakuna hata mmoja wao aliyetoa pesa kwa dhamana ile. Waliotoa ni wageni waliofuata kazi huku, kama Haule. Alikuja mlangoni kwangu wiki iliyopita, hakupaza sauti.

"Kwetu Njombe shamba ni la mwanamume," alisema. "Nilimwona mwanamume, nikaona saini, nikasoma gazeti lako. Mwanangu, wewe ulijua?"

Nilijua. Ulijua pia, na ulitegemea yeye asijue. Biashara huharibika, mjomba, hilo ningelimeza. Lakini wewe ulichagua wa kuwadanganya kwa kuangalia walikotoka.

Nilipanda kumweleza mama. Alikuwa anapalilia magimbi, na hakuliweka jembe chini.

"Kaka yangu amekufa?"

"Hapana, mama. Amekimbia."

"Basi ana mdomo bado. Aje aseme. Na wewe uliyeandika, useme."

Nitasema. Nitasimama mbele ya baraza nieleze kwamba nilichoandika hakikuwa kweli, na kwamba nilijua si kweli nilipokiandika. Pengine mama atabaki na shamba lake. Mzee Haule atatoka mikono mitupu, na itakuwa mara ya pili neno langu kumfanyia hivyo. Mtu mmoja tu anajua pesa zake zilikwenda kwa nani, na kama wale watu wa mlimani waliwahi kuwapo. Usinitumie salamu kwa mtu. Usimtume mtu na barua. Njoo na majina, au njoo na pesa, lakini uje kwa miguu yako.

Baraza linakaa Alhamisi, saa tatu asubuhi, ofisi ya kata. Karani amekubali kuweka kiti chako cha msimamizi wa ukoo na kukusubiri nusu saa. Shikamoo yako utaikuta humo ndani.

Mimi,
mtoto wa dada yako