Kigingi Nilichorudisha kwa Kukisia

Jumanne jioni, Juni 1996

Chebet amegonga gunzi la mahindi sakafuni kwa jiwe sasa hivi, akaniambia, "Mama usikanyage, hapa ni barabara." Anaiga wapimaji wa ardhi waliokuja kupigilia vigingi vya mpaka wa mtaa mpya. Nimecheka, halafu nikachukua daftari hili.

Mtaa wanaoupanga kando ya mto naupenda. Maduka chini, nyumba juu, na njia ya miguu ambayo Chebet atapita kwenda shule bila kukimbizwa na malori ya majani chai. Lakini kati ya vigingi na mto itakuwa miti na nyasi tu, za kunywa maji ya mafuriko. Nyumba iliyo hapo itabomolewa.

Asubuhi nilimfunga ndama kwenye kigingi kimoja cha wapimaji, kama tunavyomfunga siku zote kwenye kigingi chochote. Akaking'oa. Nikakirudisha kwa kukisia, na sasa nyumba yetu iko upande wa mtaa, wakati jana ilikuwa upande wa mto.

Baba Chebet anasema, "Nyamaza tu. Nani alikuona?"

Na kama mto utafika hapa mtoto akiwa amelala? Nikisema, wataniita mwizi wa mpaka, na nyumba itaenda.

Kuna mtu anapiga hodi. "Mama Chebet, hebu toka kidogo." Ni mpimaji. Naenda kumwambia kuhusu kigingi, kabla Baba Chebet hajanizuia.