Chupa za Pilipili ya Karoti

Chanzuru, 3 Juni 2024

Mwanangu Letisia,

Hatujambo huku, mahindi yanakauka shambani. Wewe na kazi ya jikoni mnaendeleaje? Nimempa kondakta wa basi chupa sita za pilipili ya karoti akuletee. Ulisema bosi wako hapo hotelini anatafuta mtu wa kumpelekea kila wiki. Ionje wewe kwanza, ndipo umpe. Naandika kwa mkono kwa kuwa simu anayo baba yako, na sitaki ajue kabla jambo halijaiva.

Mama yako

Mikumi, 9 Juni

Mama, shikamoo. Wazima wote? Mimi sijambo, ila mafua kidogo kwa baridi ya asubuhi.

Pilipili nimeionja. Rangi nzuri, na ukali unapanda taratibu kama siku zote. Lakini chumvi, mama! Nimetema. Nikafungua ya pili na ya tatu, zote hivyo hivyo, na siki imezidi. Sijampa bosi wangu, Dada Katarina. Akionja hiyo, hatakupa nafasi nyingine. Ulimwachia mtu apike?

Mwanao

Mikumi, 30 Juni

Mama, shikamoo. Wiki tatu kimya. Nikipiga simu, baba anasema uko shambani, kila saa shambani. Kama nimekukosea, nigombeze. Kuninyamazia hujanizoesha.

Mwanao

Chanzuru, 7 Julai

Letisia, marahaba. Hukunikosea. Nilipika mwenyewe. Tangu ile homa ya Aprili ulimi wangu hausikii ladha. Chumvi, sukari, siki, vyote kama maji. Ukali tu ndio unaniuma. Sijamwambia mtu. Niliona aibu, mimi ninayeitwa kwenye kila harusi na kila msiba nionje mchuzi.

Juzi nilikwenda hospitali. Daktari kasema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, tungoje. Nimepika tena kwa kupima: chumvi nusu ya ile ya mwanzo, siki vijiko viwili. Nilichopika sikijui. Chupa ni hiyo moja. Usinionee huruma, niambie ilivyo.

Mama yako

Mikumi, 13 Julai

Mama, shikamoo. Barua yako niliisomea juu ya gunia la viazi. Nikalia kidogo, nikanawa uso, ndipo nikaonja kwa kipande cha muhogo.

Inaanza karoti, utamu wake mwepesi. Kinafuata kitunguu saumu. Moto unakuja mwisho, huku nyuma kooni, na hauondoki haraka. Chumvi imekaa mahali pake. Siki punguza nusu kijiko.

Dada Katarina nilimpa bila kumwambia ya nani. Akachovya mara tatu.

"Huyu anapikia wapi?"

"Chanzuru. Ni mama yangu."

Anataka chupa kumi kila Ijumaa.

Basi pika, mama. Kila ukiipua, nitumie chupa ya kwanza kabla hujauza hata moja. Nitakuandikia ladha yake yote, nzuri na mbaya, nisikufiche kitu.

Mwanao