Vazi la Ngozi Lililofuliwa Nakwa

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Babati
Tarehe: 17/06/2025. Saa 3:40 asubuhi
Jina: Vailet Elieza, mke wa Gidamis John
Umri: Miaka 24
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Fundi cherehani, Ukumbi wa Sanaa Kwaraa, Babati mjini
Makazi: Nakwa, nyumba ya kupanga
Ndoa: Ameolewa (siku kumi)

...ndiyo, afande, kama nilivyokueleza pale kaunta kabla hujachukua karatasi, vazi halikuibwa. Limo ndani ya mfuko huu niliokuja nao. Baba Irine hakuliuza. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Baba Irine ni Yoakimu, mtunza ukumbi wetu, mnayemshikilia tangu jana. Ukumbi ni lile ghala la zamani la mahindi nyuma ya soko. Siku hizi lina jukwaa, ukuta wa kutundikia picha, na chumba cha mbele ambamo nashona mavazi ya vikundi vya ngoma. Vijana hufanya mazoezi bure siku za kazi, na Jumamosi watu huja kutazama. Humo ndimo nilimokutana na mume wangu. Yeye ni mchoraji. Alikuja kuomba kitambaa cha kufutia brashi, na mpaka leo hajakirudisha. Sawa, afande, narudi kwenye vazi.

Mwezi wa tano, mama Bernadeta wa Sigino aliuazima ukumbi vazi la ngozi ya mbuzi lenye shanga. Marehemu mama yake alilivaa siku aliyoolewa, huko Mbulu. Alitaka watoto wa mjini walione. Baba Irine alisaini kwenye daftari kwamba amelipokea.

Mnamo tarehe 7/6/2025 nilifunga ndoa na Gidamis kanisani Bonga. Alilia kabla yangu. Mnamo tarehe 9/6/2025, Jumatatu, saa nne asubuhi, tulikwenda ukumbini kupiga picha. Ni desturi yetu pale: msanii akioa au akiolewa, hupigwa picha mbele ya ukuta. Gidamis alikuwa amenichorea picha kubwa ya Ziwa Babati, anga jekundu la asubuhi na viboko wawili. Akasema wale ni sisi. Nikamwambia, "Yaani mimi kiboko?" Akajibu, "Wewe ni yule wa kulia. Mnene ni mimi." Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kama kile.

Baba Irine aliniona nalitazama lile vazi kwenye kabati la kioo. Akalifungua, akasema, "Vaa, mwanangu. Vazi hili ni la bibi harusi. Ila usiketi nalo."

Sikuketi. Niliegemea picha. Rangi ilikuwa haijakauka.

Saa tano na robo, Gidamis akiwa nje anamsindikiza mpiga picha, nilivua vazi na kuona wekundu mgongoni, upana wa kiganja. Sikutaka ajue kwamba zawadi yake imechafua kitu cha watu. Nilimwambia Baba Irine, "Nitalisafisha, kesho narudisha." Alisita, kisha akasema, "Haya, kwa kuwa ni wewe."

Mimi ni fundi wa vitambaa, afande. Niliona vazi ni vazi. Saa nane mchana nililoweka kwenye beseni kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalisugua, nikalianika juu ya paa la bati la jiko. Nilikuwa naimba. Saa kumi na moja jioni nilipolishusha lilikuwa gumu kama ubao, limejikunja, na nyuzi zilikatika. Shanga nyingine niliziokota kwenye gata la maji ya mvua, nikazitia kwenye kikombe. Rangi haikutoka.

Nililiweka chini ya kitanda chetu. Ni kitanda kipya, cha mninga, zawadi ya baba mkwe. Baba Irine aliniuliza Jumanne, nikasema halijakauka. Aliniuliza Ijumaa, nikasema hivyo hivyo. Hakuniuliza tena.

Jana, tarehe 16/6/2025, Gidamis alirudi saa saba mchana. Aliniambia mama Bernadeta alikuja kuchukua vazi lake, kabati likakutwa tupu, polisi wakaitwa. Baba Irine alipoulizwa alijibu tu, "Lilitoka mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyesaini." Gidamis akasema watu sokoni wanadai amewauzia watalii. Mimi nilikuwa napakua wali. Nilisema, "Pole yake." Nikaendelea kupakua. Sikusikia kitu chochote moyoni, na sasa hivi pia sisikii. Mikono hii naiona kama ya mtu mwingine.

Saa kumi jioni mke wake, Mama Irine, alipita nyumbani. Hakukaa. Alisema, "Amenituma nikuambie usitoke. Bibi harusi hatolewi ndani kwa kesi kabla mwezi wake wa harusi haujaisha. Ameniambia nisikuulize kitu, na sikuulizi." Akaniachia mchicha, akaenda kumpelekea mumewe chakula.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nililitoa vazi, nikaliweka mezani kando ya chai. Gidamis aliligusa. Akasema, "Vailet, ngozi haifuliwi. Ngozi inapakwa samli." Alinyoosha shati lake kwa pasi, akanyoosha na gauni langu, tukaja kwa miguu. Alinishika mkono njia nzima. Najua nimepata mume. Niliijua furaha hiyo bila kuisikia, kama mtu anavyojua jina la mji alikozaliwa.

Nilipofika kaunta, Baba Irine alikuwa kwenye benchi bila viatu. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba. Alisema, "Mwanangu, nani amekutoa ndani?"

Mama Bernadeta alikuwepo. Nilimpa vazi kwa mikono miwili. Hakulitazama doa. Alilinusa, akalishusha, akasema, "Halina harufu ya mama." Nikasema, "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyelifua." Akamwambia afande wa kaunta, "Mwache huyu mzee akavae viatu." Mimi akaniambia, "Ngozi hulainishwa kwa samli na viganja. Kidogo kidogo, miezi. Peke yangu siwezi tena."

Hakuna aliyenituma wala aliyenitisha. Niliyoyasema ndiyo niliyoyatenda, nimesomewa na nimeona ni sawa.

Sahihi ya shahidi: V. Elieza

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP 6318 Koplo Hellen, shahidi akieleza kwa Kiswahili. Yoakimu ameachiwa saa 4:25 asubuhi. Kielelezo, vazi moja la ngozi na shanga 41 ndani ya kikombe, kimerudishwa kwa mlalamikaji. Baada ya kusaini, shahidi ameomba iongezwe sentensi moja, naiandika kama alivyoitamka:

"Mama Bernadeta, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Sigino, nije na samli."