Dubu wa Uani kwa Lusajo

Mdogo wangu Ambakisye,

Hapo Kisondela mmeamkaje? Migomba imestahimili upepo? Na miguu yako, imeacha kuvimba? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa mkono. Mwanangu Lusajo ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu.

Enzi za ualimu nilifundisha kwamba dubu hukaa kwenye barafu. Nilifundisha nusu tu. Dubu ni wa aina nane. Wa barafu ni yule mweupe. Wengine hukaa misitu ya joto ya Asia, mmoja milima ya Amerika Kusini, panda yuko China. Afrika porini hatuna hata mmoja. Hapa Kanada yuko wa kahawia, na yuko mweusi wa misituni, na msitu unaanzia nyuma ya nyumba ya Lusajo. Kabla ya baridi hula mno, kwani atalala miezi bila chakula. Hufuata hata matufaha yaliyoanguka uani.

Huyo mweusi nilimwona mimi, yuko uani, kupitia dirisha. Mkamwana wangu Tupokigwe alikuwa jikoni. Tangu nifike tumeishi kwa adabu ya kwetu: hanitazami, simsemeshi, nikitaka kupita nakohoa, naye ananipisha kwa mlango wa nyuma. Nilipomwona dubu, ulimi ulikataa kumwita mkamwana. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Akadhani nakuja, akatoka haraka uani, dubu akamrukia.

Amepoteza jicho, na mkono wa kulia hauinuki. Lusajo aliniuliza jambo moja tu: "Baba, hata jina lake ulishindwa kuita?"



Sasa Tupokigwe karudishwa nyumbani kutoka hospitali. Lusajo yuko kiwanda cha mbao, hurudi Jumamosi. Nesi huja asubuhi tu. Nikiingia na chakula, hujifunika shuka gubigubi, na mishono inavutika.

Unajua mwiko huu hufunguliwa kwa ng'ombe. Mchukue yule wangu mwekundu, umpeleke kwa wazazi wa Tupokigwe huko Kyimo. Usiwafiche, waambie nilikohoa. Wakimkataa ng'ombe, wana haki. Wakimpokea, baba yake ampigie simu Tupokigwe mwenyewe, asikie kwa sauti ya mzazi wake kwamba anaruhusiwa kunitazama.

Unisalimie shemeji yangu, mkeo, na dada yetu mkubwa Subilaga. Mwombeni Mungu, lakini wewe nenda Kyimo kwanza. Leo uji nimeuweka mlangoni kwake mara mbili, na mara mbili nimeuondoa umepoa.

Kaka yako,
Gwamaka