Tuliapa Fegi

Jeddah, 12 Januari 2024

Kaka Zablon,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na bosi unayemwendeshea gari huko Al-Suwaidi hakuchoshi na safari zake. Mimi niko, ila kifua kinanisumbua asubuhi. Hapa getini haturuhusiwi kupiga simu tukiwa kazini, ndiyo maana naandika meseji kidogo kidogo nikiwa nyuma ya kibanda cha walinzi.

Nimeanguka tena. Tangu tulipoapa sebuleni kwa mama, mkono juu ya Biblia yake, kwamba mimi na wewe hatutavuta fegi tena, hii ni mara ya tatu. Safari hii mpangaji mmoja aliniachia pakiti ya sigara kama shukrani, nikasema nivute moja tu ya kuiaga. Niliaga pakiti nzima. Kaka, nimechoka na mimi mwenyewe. Wewe tamaa ikikushika unafanya nini?

Mdogo wako,
Nehemiah

Riyadh, 14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri na kulala vizuri. Pole na kifua, chemsha tangawizi.

Mimi nilisema halas, basi imetosha, na ikawa halas. Siku ile ile. Tangu tuape sijagusa fegi hata moja, na hiyo naweza kusema mbele ya mama. Ni kuamua tu, Nehemiah. Tafuna karafuu, omba, lala. Nyumbani nimeshawaambia sisi wawili tumeacha, sasa usiniaibishe.

Kaka yako,
Zablon

Jeddah, 2 Machi 2024

Kaka,

Habari za huko? Huku joto limeanza kurudi, lakini tunamshukuru Mungu kwa uzima. Karafuu nimetafuna mpaka ulimi umekufa ganzi.

Nilikaa wiki kadhaa bila, halafu nikaanguka, na Jael amejua. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Unajua baba yake alimalizwa na sigara, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia beseni la kutemea. Amesema mambo ya mahari yasitajwe mpaka aone nimeacha kweli. Nampenda huyo dada, kaka, na wewe ndiye uko naye karibu. Nyumba anayofanyia kazi ni ya dada ya madam wako, unawabeba kila wiki. Nisemee. Mwambie najaribu kwa nguvu zangu zote, na kwamba mtu anaweza kuanguka na bado akawa anaacha.

Mdogo wako,
Nehemiah

Riyadh, 9 Machi 2024

Mdogo wangu,

Natumai kifua kimepoa. Huku tuko salama, ila kazi ni nyingi, kila nyumba inajitayarisha kwa Ramadhani.

Jana niliwapeleka Al-Dirah kununua vyombo, na madam wake alipoingia dukani Jael akaniuliza kama kweli kuacha ni kugumu hivyo. Nilimwambia mimi nimevuta miaka mingi kuliko wewe na niliacha siku moja, kwa hivyo anayetaka kuacha anaacha. Nilitaka ajue anaingia familia ya watu wenye msimamo. Akanishukuru. Sasa umebaki wewe kujikaza.

Kaka yako,
Zablon

Jeddah, 20 Aprili 2024

Kaka,

Hujambo? Mimi siwezi kusema sijambo.

Jael alinipigia Ijumaa. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Kaka yako aliacha siku moja. Wewe huwezi kwa sababu hunitaki vya kutosha." Nilikubali, kwa sababu ni kweli uliacha siku moja. Amemaliza na mimi. Sikulaumu, ulisema ulichojua. Najilaumu mwenyewe, sijui niliumbwa na nini. Nilipokata simu nilienda bakala, duka la hapa mtaani, nikanunua pakiti mbili, na zote zimeisha.

Mdogo wako,
Nehemiah

Jeddah, 20 Julai 2024

Zablon,

Salamu utazipata siku nyingine.

Victor, yule dereva mwenzako, amewaleta mabosi wake hapa Jeddah, na jana tulikula pamoja. Nikamsifia msimamo wako. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Anasema kila jioni ukishapaki gari uko nao kwenye mkahawa wa madereva, bomba la shisha mdomoni, na mwenye mkahawa haulizi tena, anakuletea ya tufaha. Tangu mwezi ule ulipotoka nyumbani. Nilimwambia amekuchanganya na mtu mwingine, nikakutetea mbele yake. Akanionyesha picha.

Wiki iliyopita, kabla sijajua haya, nilienda kliniki ya kuacha sigara. Daktari ni Msudani, mtu mpole. Nilimwambia mimi ni dhaifu, nimeshindwa mara nyingi, wakati kaka yangu aliacha mara moja. Akaniambia wengi wanaofaulu wameanguka mara nyingi kwanza, na wengine hata hawakumbuki hesabu. Yaani nilikuwa njiani kama watu wote. Ni wewe uliyenifanya nijione takataka, na ukamfanya Jael aone hivyo hivyo.

Mwambie ukweli. Nakuomba hilo moja tu.

Nehemiah

Riyadh, 23 Julai 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai hasira imepungua. Hebu tusikizane kama watu wa tumbo moja. Tuliapa fegi. Shisha si fegi, ni matunda na maji, hata wenyeji wanavuta na wazee wao. Sijadanganya mtu, kiapo changu kiko vile kilivyokuwa. Victor ana mdomo.

Na kumwambia Jael siwezi. Itafika kwa madam wake, itafika kwa madam wangu, nitaonekana mtu wa aina gani? Huyo msichana mwache, wako wengi.

Kaka yako,
Zablon

Riyadh, 8 Novemba 2024

Nehemiah ndugu yangu,

Natumai u mzima. Naona meseji zangu unazisoma na hujibu, lakini naandika tu.

Nimeanza kukohoa. Nilijaribu kuiacha hiyo shisha na sikumaliza wiki. Nikajaribu tena, nikazikimbilia fegi zenyewe. Sikujua iko hivi. Haki ya Mungu sikujua, nilikuwa nakuambia "ni kuamua tu" na mimi sijawahi kujaribu hata siku moja.

Nilienda kumwambia Jael ukweli. Kandarasi yake iliisha Septemba, amerudi nyumbani, na wanasema kuna mtu ameshapeleka mahari. Nisamehe. Victor anasema wewe umeacha kabisa. Ulifanyaje?

Kaka yako,
Zablon

Jeddah, 15 Machi 2025

Zablon,

Mimi ni mzima. Nimeongea na mama, naye ni mzima.

Umeuliza nilifanyaje. Kliniki ilinisaidia, na zile plasta za nikotini za kubandika mkononi. Hata hivyo nilianguka tena baada ya hapo, na daktari akaniandikia tu tarehe nyingine ya kurudi. Lakini najua kilichobadilika. Kila nilipoanguka nilikuwa nakuandikia wewe, na kila uliponijibu nilijiona si mtu, nikarudi bakala. Halafu nikaacha kukuandikia. Kuacha kwa mara hiyo ndiko kulikoshika.

Hata Riyadh kliniki ziko. Ukianguka, mwambie daktari.

Nehemiah