Mpira wa Kijani na Ndoo ya Rajabu

Jumatatu, 3 Februari 1975

Nimeosha malori mawili leo. Vumbi la Handeni limegandia kwenye grisi, halitoki bila kusugua. Maji nimeteka mtoni, Zaina mgongoni. Nikiinama naye anainama. Ni palepale alipoteleza baba yake, Rajabu, mwezi wa Septemba, mvua za vuli zilipoanza. Ndoo yake ilipatikana. Yeye mpaka leo hajaonekana. Eda imekwisha na kazi yake nimeichukua mimi, maana hakuna wa kutulisha. Nateka nimegeuza uso. Naogopa kuyatazama yale maji.

Mzee Hoza, msimamizi wa yadi, aliniona napanda ukingo natetemeka. Akasema yadi itanunua mpira wa maji, niufunge kwenye bomba, nisishuke tena mtoni. Ila stoo imejaa mahindi ya vijiji, na kitu kikilala nje pale yadini hakiamki. Mpira nitalala nao nyumbani, akasema. "Chagua mwenyewe. Wewe ndiye utakayeubeba."

Nilifurahi mpaka nikasahau kushukuru.

Jumatano, 5 Februari

Dukani. Mipira mitatu. Mweusi mnene, mgumu, unanuka kama tairi. Nilipoutia begani Zaina akalia, nami nikayumba. Wa turubai ni mwepesi, unakunjika kama khanga, lakini usipokauka unaoza, na kwangu hakuna pa kuuanika. Wa tatu ni wa kijani, wa plastiki, mwembamba. Nimetembea nao mlangoni mpaka barabarani na mtoto mgongoni. Mwenye duka akacheka: "Mama, unanunua mpira au unaulea?"

Nimechukua wa kijani. Akaniusia, usiukunje, uviringishe mduara mkubwa. Na ukimaliza umwage maji yote.

Alhamisi, 6 Februari

Utingo wa malori wamenicheka kuniona na mpira begani. "Mama Zaina leo kavaa mkufu!" Wacheke. Lori zima nimeliosha bila kushuka mtoni. Zaina amelala kivulini ndani ya boksi la sabuni. Niliimba. Sijaimba tangu vuli.

Jioni imeharibika. Niliuweka mpira chini uani. Zaina akashika mdomo mmoja akasema ndani yake, "Baba." Siku hizi kila kitu anakiita baba. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, mwisho wa mpira uko miguuni pake. Alikuja kutoka Misima kwa msiba na hajarudi. Akasikia sauti inatokea pale chini, "Baba." Kikombe kikamtoka mkononi.

Kisha akasema: "Hicho kitu hakilali humu. Mto umekula mwanangu, leo unaniletea utumbo wake mpaka kitandani? Kikiingia ndani, mimi na Zaina tunapanda lori la Misima."

Hatanii. Nimeutundika nje, msumarini, chini ya upenu.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi mpira ulikuwa chini, umenyooka, mdomo umeelekea njia ya mtoni. Nimesema ni kuku.

Jumamosi, 8 Februari

Tena. Umenyooka vilevile, mdomo kulekule.

Kuku gani hao?

Nilipouinua ukakoroma ndani. Sijui kilichoniingia. Niliuweka mdomoni nikasema, "Rajabu?" Ukaguna. Nikautupa. Nimeona haya, halafu nikaogopa, halafu nikatamani kuurudia.

Yadini maji hayakupita vizuri. Ule msumari ni mwembamba, umeukunja mpira shingo. Mzee Hoza ameuona. "Mama Zaina, huu ukiharibika hakuna mwingine. Utarudi kwenye ndoo na mto." Hakusema kwa ubaya. Lakini amesema.

Jumapili, 9 Februari

Nikiuingiza ndani, Zaina anakwenda Misima. Nikiuacha nje utakufa, na mimi nitarudi mtoni na Zaina mgongoni. Njia ya tatu siioni.

Leo tena nimeukuta njiani.

Rajabu, kama ni wewe, usiniangalie hivyo. Mtoto nakulelea.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetoka kuwasha moto, kunapambazuka. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa chini ya upenu, mpira mdomoni.

"Rajabu. Mwanangu. Umekula?"

Akauhamishia sikioni. Akaunyanyua kidogo, ukaguna. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo.

Kumbe ni yeye. Siku zote hizi ni yeye. Anatutisha na mpira mchana, alfajiri anauzungumzisha.

Akaniona. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Hatamki neno. Lakini ananijibu."

Najua kinachomjibu. Ni maji yaliyobaki ndani. Nina haraka ya kurudi kwa mtoto, siyamwagi yakaisha. Ningeweza kusema. Nilikaa chini karibu naye. Akanipa mdomo wa mpira nami niongee, kama mtu anayekugawia chakula. Nikauliza, "Hujambo huko?" Ukaguna.

Tukalia wote wawili. Uji ukaungua.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia. Siwezi kuishi hivi, na mpira una ufa mdogo pale shingoni.

"Mama, ni maji. Yamebaki ndani. Kosa langu."

"Najua ni maji. Hata huko aliko ni maji."

Nikakusanya vyombo.

Baadaye akauliza, "Ukiyamwaga?" Nikasema utanyamaza. Akageukia ukutani. Niliosha vyombo, nikafagia, yuko vilevile. Nikajua ninamkosa mtoto wangu leo.

Baada ya alasiri akaamka, akaenda nje, akatia mwisho mmoja wa mpira begani. "Shika huko." Tukaenda polepole, yeye mbele mimi nyuma, kama watu waliobeba jeneza. Sikumwambia hivyo. Nadhani alijua. Kwa Rajabu hatukubeba kitu, hapakuwa na cha kubeba. Maji yakatokea mdomoni, yakaanguka kwenye mpapai. Maji kidogo tu. Zaina akakanyaga tope, anacheka.

"Inna lillahi," akasema mama mkwe. Akaisema kama mara ya kwanza.

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akaleta ndoo ya Rajabu. Tangu vuli ilifudikizwa pale, hakuna aliyethubutu kuigusa. "Lete nyundo. Ule msumari wako wa nje ulikuwa wa kipumbavu." Nikaipigilia ndoo ukutani, ndani, juu ya kitanda, kitako chake ukutani. Tukauzungushia mpira. Ndoo ni ya mviringo, mpira haukunjiki. Umekaa kama ulitengenezewa pale.

"Kazi yake iwe hiyo sasa," akasema.

Ijumaa, 14 Februari

Malori matatu. Ufa nimeufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, hauvuji sana. Mama mkwe anasema atakwenda Misima kuangalia shamba lake, peke yake, mvua zikikaribia. Zaina atabaki na mimi.

Asubuhi niliukuta mpira palepale nilipouweka. Nilisimama kidogo nikausikiliza. Kimya. Nikautia begani, nikamchukua mtoto, tukaenda.